Kipimo Kilichohaririwa

Fremu alipoingia dukani asubuhi ile, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, jambo la kwanza nililofanya ni kumrushia rula ya chuma. Sikuuliza ameumia nini. Sikumwambia karibu. Nilikuwa nimeinama mezani nakata vioo vya madirisha, nikainua macho nikamwona, na mkono ukatangulia akili. Rula ilimpita sikioni, ikagonga mlango, ikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichofanya vioo vyote kwenye stendi vitetemeke.

Hakukwepa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisimama palepale, amekonda, jicho moja bado lina wekundu pembeni, ananitazama kama mtu aliyekuja kuangalia nyumba yake iliyoungua.

"Ya pili ipo?" akauliza.

Nikamwambia ya pili ipo, na nyundo ipo, na asipoondoka kwa miguu yake ataondoka kwa kubebwa. Niseme kweli, sisi kwetu mikono ni myepesi. Marehemu Baba alikuwa hivyo, kaka yangu yuko hivyo, na mimi niliyekuwa najidai nimepona, siku ile nilijiona. Nilizunguka meza nikamfuata mpaka mlangoni, nikamtandika kofi, nikaongeza la pili. La tatu aliudaka mkono wangu kwa mkono wake mzima. Hakuubana. Aliushika tu, vile alivyokuwa akiushika zamani akitaka kuona nimejikata wapi, na ule upole ukanitia hasira upya.

"Umemaliza?"

"Sijaanza."

"Basi kabla hujaanza, nijibu swali moja. Sikuja kubembeleza, nimekuja kwa swali moja tu, ukinijibu naondoka. Ulimtuma wewe?"

Nikamuuliza nimemtuma nani, wapi. Akaniambia nisijifanye hamnazo. Nikamwambia anayejifanya hamnazo ni yeye, mtu wa kumwacha mwanamke kwa ujumbe wa mistari mitatu halafu anakuja kazini kwake Jumatatu asubuhi na maswali ya polisi. Akaniangalia sana. Niliona kitu kikibadilika usoni mwake, lakini nilikuwa na hasira mno kukisoma.

Duka letu ni la vioo. Alilianzisha Baba, akaliacha kwa Kaka, na Kaka ndiye aliyenifundisha kukata nikiwa na miaka kumi na sita. Alinishika mkono juu ya kalamu ya kukatia, ile yenye ncha ya almasi, akaniambia nisiikandamize kwa hasira, kioo kitapasuka kinakotaka chenyewe. Sitamsingizia mtu, kwa ufundi, na kwa kunilea baada ya Baba, Kaka alikuwa kila kitu. Fremu naye ana karakana ya fremu za picha ng'ambo ya uchochoro, hatua themanini kutoka mlango wetu wa nyuma. Nilizihesabu. Mtaa mzima unamwita Fremu, na yeye peke yake duniani aliniita Almasi, kwa sababu ya ile kalamu. Jina hilo halikuwahi kutamkwa mbele ya mtu wa tatu.

Lisingeweza kutamkwa. Dada yake Fremu alikuwa mke wa Kaka kwa miaka mitatu. Enzi hizo Kaka na Fremu wanaitana shemeji, wanakula sahani moja, wanapakia vioo pamoja. Kisha asubuhi moja wifi yangu akatoka na sanduku lake na jino la mbele limevunjika, na aliyembebea sanduku ni Fremu. Tangu siku hiyo Kaka alisema mtu wa nyumba ile akikanyaga kwetu kwa jambo lisilo la kununua kioo, atajuta kuzaliwa. Mama naye akaniambia, bila kuinua sauti, kwamba nikiolewa kule nihesabu sina mama.

Kwa hiyo tulipendana ndani ya simu. Nilifunga kila mlango uliokuwa na kitasa. Nilificha saa yangu ya mwisho kuonekana mtandaoni. Nilizima zile alama za kuonyesha kwamba nimesoma. Programu yenyewe haikufunguka bila alama ya kidole changu, na ujumbe wetu tuliutegesha ujifute kila baada ya siku saba. Fremu alinicheka, akasema hata mahabusu wana uhuru kuliko mapenzi yetu. Kitu kimoja tu sikukifunga. Niliacha maneno ya ujumbe yajitokeze juu ya simu hata ikiwa imefungwa, kwa sababu ya kazi. Wateja wetu hutuma vipimo kwa ujumbe, na mimi nikiwa na glavu siwezi kufungua simu. Naiweka mezani imelala chali, kipimo kinajitokeza, nakisoma, nakata.

Na hapo mezani, Alhamisi ile, ndipo ulipoingia ujumbe wa Fremu saa nne na dakika kumi na mbili. Sikuuona unaingia. Nilikuwa nimeshikilia kioo kirefu kwa mikono miwili, mgongo kwa simu. Nilipovua glavu nikafungua, karibu saa nne na nusu, nikakuta haya: "Nimefikiri nimeona hatufai. Tuachane kwa amani, usinitafute. Asante kwa ushirikiano wako."

Asante kwa ushirikiano wako. Miaka miwili ya kuibia dakika, na mtu anakuaga hivyo. Nilipiga picha ule ujumbe usije ukajifuta, ili moyo ukianza kulegea niusome. Kisha nikamfungia asinipate kabisa, nikanyamazisha na kila namba nisiyoijua, nikarudi kukata kioo. Siku ile nilivunja vitatu.

Sasa yule mtu amesimama mbele yangu na plasta. Nikaitoa simu mfukoni, nikaifungua ile picha, nikaisukumiza kifuani kwake.

"Nieleze, na hii nilikutuma mimi?"

Aliisoma. Akaisoma tena, midomo inacheza. Nilitegemea ajitetee, atafute uongo. Badala yake aliketi juu ya kreti la vioo.

"Sikuandika mimi," akasema.

"Namba ni yako."

"Namba yangu, maneno si yangu. Soma chini, pembeni ya saa."

Nilijua pameandikwa nini. Nilikuwa nimeona mara mia. Herufi ndogo za kijivu: imehaririwa. Nikamwambia nimeshaona, na kwamba niliona vilevile alivyo mwoga, anaandika tusi halafu anarudi kulipunguza makali. Akatikisa kichwa. Akaanza kunisimulia, taratibu, macho yake yako kwenye plasta.

Siku ile alinitumia ujumbe akiwa ndani ya stoo yake ya mbao. Alikuwa amenitengenezea kitu, anataka nikione kabla hajakipaka rangi. Dakika tatu hazikuisha, mlango ukafunguliwa. Akageuka akicheka akidhani ni mimi. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni bado anacheka. Alikuwa Kaka. Alimpiga kwa ngumi, kisha kwa ubao wa fremu mpaka ubao ukakatika, kisha kwa kipande kilichobaki. Fremu alipoanguka, Kaka alimkalia kifuani, akachukua simu iliyokuwa sakafuni, akakamata dole gumba la mkono wa kulia akalibandika juu yake mpaka ikafunguka. Kisha akaandika. Fremu alimsikia akipumua, anaandika polepole kwa kidole kimoja, damu inadondokea kwenye simu, anaifuta kwenye shati, anaendelea. Alipomaliza aliipondaponda simu kwa nyundo.

"Halafu akaulaza mkono wangu kwenye benchi," Fremu akasema. "Akaniambia, 'Almasi hawezi kuja. Amenituma mimi.' Akapiga."

Vidole vitatu na mifupa miwili ya kiganja. Daktari alimwambia ashukuru, na Fremu alishindwa kujua ashukuru nini, mtu anayekata mbao kwa pembe ya nyuzi arobaini na tano kwa mkono huo. Alilala hospitali siku sita. Alipopata simu nyingine na laini yake aliniandikia, na kila alichoandika kilibaki na alama moja ya kijivu. Akapiga kwa simu ya dada yake, sikupokea. Polisi walimjia kitandani kuandika maelezo, akasema aliangukiwa na mbao.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu alilijua jina. Jina hilo nimelisema kwako tu. Nikajua ni wewe uliyempa. Nilisema siwezi kumpeleka mtu kituoni kabla sijakuuliza usoni. Ukiniambia ulimtuma, naondoka mji huu, na mkono ukipona usipone ni shauri langu."

Nikataka kumwamini. Mungu anajua nilitaka. Lakini siku kumi na moja za chuki haziishi kwa dakika moja. Nikamwambia Kaka hajui mambo hayo ya simu. Nikamuuliza jina alilipata wapi, wakati mimi nimefunga kila kitu. Nikazidi kubisha, na kadiri nilivyobisha sauti yangu ilikuwa inapanda, mpaka yeye akainuka, akanyoosha kidole juu ya kichwa changu. Sikuwa na haja ya kugeuka. Kilichokuwa ukutani nilikiandika kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu:

KIPIMO KIKIHARIRIWA, PIGA SIMU KWANZA.

Ni sheria niliyoiweka mwenyewe baada ya mteja kutuma milimita mia moja na sita, akarekebisha zikawa mia moja na sitini, na sisi tumeshakata. Tangu hapo ujumbe ukiwa na neno imehaririwa, hakikatwi kitu mpaka tumempigia mwenyewe tukasikia kwa sauti yake.

"Mtu akibadilisha kipimo cha kidirisha cha choo unampigia," Fremu akasema. "Mimi uliniona sifikii choo?"

Nikaitazama ile picha tena, na mara ya kwanza tangu Alhamisi ile niliisoma kwa jicho la fundi, si la mwanamke aliyeachwa. Kuna mtu niliyemfundisha kuhariri ujumbe. Nilimfundisha hapahapa, meza hii, wiki chache nyuma, alipomtumia mteja kipimo kisicho sahihi. Nilimwambia, Kaka, unabonyeza ujumbe unashikilia, unachagua hariri, unarekebisha, ila una dakika kumi na tano tu, zikipita imekula kwako. Alifurahi kama mtoto. Na kuna mtu ambaye kila ujumbe wake, kwa kila mteja, hata wa kuwaambia watu gari limeharibika, huumalizia kwa maneno yaleyale. Nimeyaona maneno hayo mara elfu. Mimi ndiye niliyekuwa namtania kwamba siku akifa ataandika kwenye jeneza lake: Asante kwa ushirikiano wako.

Niliishika meza.

"Simu yangu huwa hapa," nikasema. "Imelala chali. Uliandika jina langu kwenye ujumbe?"

"Niliandika."

Basi ndiyo hivyo. Kaka alipita nyuma yangu, mimi nimeshikilia kioo, ujumbe ukajitokeza, akasoma mahali na akasoma jina. Nakumbuka hata alichosema. Alisema anaenda kununua silikoni ya kubandikia vioo. Aliporudi amebadili shati, akaniambia amejikata, na katika duka la vioo nani atauliza.

Nilimwambia Fremu sikumtuma. Nilitaka kusema mengine mengi, ila nje gari letu likanguruma likazimwa, na mlango wa dereva ukabamizwa.

"Toka kwa nyuma," nikamwambia.

"Kwa nyuma nilishatoka sana," akasema, akabaki.

Kaka aliingia na funguo mkononi, anapiga mluzi. Alipomwona Fremu mluzi ukakatika. Ni mtu mkubwa, Kaka, akisimama mlangoni nje hakuonekani. Aliuliza mteja anataka kioo cha ukubwa gani. Aliuliza kwa heshima kabisa, na mimi mwili ukanisisimka, maana ndivyo alivyokuwa anamuuliza wifi mambo kabla hajampiga.

"Kaka," nikasema, "Alhamisi ile uliandika nini kwenye simu ya Fremu?"

Akacheka kidogo. Akasema yeye na simu wapi na wapi. Nikamwambia alisahau kubadilisha mwandiko. Amemwachanisha mtu na mpenzi wake kwa maneno ya kumwambia mteja mlango wake uko tayari. Nikamsomea, pole pole, mpaka mwisho. Niliona anavyoyasikia maneno yake mwenyewe. Hakubisha tena. Aliziweka funguo mezani.

"Ndiyo," akasema. "Mimi. Na ningekuwa na akili ningemmalizia kabisa."

"Alikukosea nini?"

"Alinibebea mke wangu sanduku." Mishipa ilimtoka shingoni. "Alikula kwangu, akaniita shemeji, halafu akabeba sanduku mchana kweupe mtaa mzima unaangalia. Sasa anarudi achukue na dada yangu. Anichukulie wote, mimi nibaki na vioo?"

Fremu akamwambia kwamba sanduku lilikuwa jepesi, kilichokuwa kizito ni dada yake, hakuweza kutembea. Hapo ndipo Kaka alipomvaa.

Nimeona wanaume wakipigana barabarani, wanasukumana, wanatukanana, wanatenganishwa. Huku hakukuwa hivyo. Kaka alijua anachokitaka. Aliufuata ule mkono. Aliukamata kwenye plasta akaugongesha kwenye pembe ya meza, mara moja, mara mbili, na Fremu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Vipande vya plasta vikaruka. Nilimrukia Kaka mgongoni, nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu. Akanitikisa akanitupa kama gunia. Nikainuka na ile rula ya chuma, nikampiga nayo ya mgongo, ya shingo, ya sikio, nampiga huku namwita Kaka, Kaka, mwache, Kaka. Akageuka. Kofi alilonipiga lilinizimia taa kwa muda.

Nilipofungua macho nilikuwa nimekaa chini ya stendi na mdomo umejaa chumvi ya damu. Kaka ananiangalia, mkono wake bado uko hewani. Alikuwa hajawahi kunipiga, hata siku moja. Nadhani hata yeye alishtuka. Na katika sekunde ile ya kushtuka, Fremu alimpiga. Alimpiga kwa mkono wa plasta, wa kulia, uleule, kwa nguvu zake zote, akilia kwa maumivu kabla haujafika. Kaka aliyumba kinyumenyume, akaanguka juu ya stendi.

Kulikuwa na kioo kikubwa cha kujitazamia pale, kirefu kuliko mtu, cha saluni. Kilikuja chote. Nilijiviringisha pembeni nikijikinga uso kwa kiganja. Mlio wake ulichukua muda mrefu kuisha, vipande vinaendelea kudondoka kimojakimoja, na ulipoisha Kaka alikuwa amekaa katikati ya vioo, mkono wake umechanika kutoka kwenye kiwiko kuja chini, damu inatoka kwa kuruka.

Fremu alikuwa na kipande cha kioo mkononi. Sijui alikiokota saa ngapi. Kilikuwa kirefu kama kisu cha jikoni, amekishika kwa mkono wa kushoto mpaka kinamkata mwenyewe, na amesimama juu ya Kaka. Aliniangalia. Hakuwa ananiuliza ruhusa, ila aliniangalia, na nikajua nikigeuza uso tu, imekwisha.

"Almasi," Kaka akasema kutoka chini, anahema, kwa dhihaka bado. "Mwambie amalizie."

Nilitambaa juu ya vioo. Goti langu lilichanika, kiganja kilikuwa kimeshachanika, sikuhisi kitu. Nilivua aproni, nikamfunga Kaka juu ya kiwiko, nikakaza kwa meno na kwa mkono mmoja, kama alivyonifundisha mwenyewe siku ya kwanza kazini, kabla hata ya kunipa kalamu. Fremu alikitupa kile kipande. Kaka alianza kulia, bila sauti, mabega tu. Nilikaza fundo nikamwambia hilo jina asilitamke tena maisha yake yote.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Sijui tangu lini. Alitazama damu, akamtazama Fremu na plasta iliyopasuka, akanitazama mimi na shavu langu. Nilimngojea aniambie nione nilichokileta. Nilikuwa nimejiandaa.

"Lile shati nililifua mimi," akasema. "Aliniambia amejikata. Nilimtafuta kidonda, sikukiona." Akaziba mdomo kwa mkono. "Nikalifua tu."

Nilipiga simu, teksi ikaja, nikamsaidia Mama kumpakia mwanawe wa kwanza. Kaka aliniambia kupitia dirishani kwamba nikitoka na yule mtu nisirudi. Aliniambia kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba. Nikamwambia kesho nitakuwa kituo cha polisi na Fremu, yeye atatoa maelezo ya mbao zisizomwangukia, na mimi nitaeleza kuhusu shati. Mama aliinamisha kichwa. Teksi ikaondoka. Nilifunga duka, nikazisukuma funguo chini ya mlango, zikaburuzika ndani kwenye vioo.

Kituo cha afya kiko nyuma ya mtaa, tukaenda kwa miguu, mtu na mguu wake mmoja unaochechemea na mtu na mkono wake kifuani. Watu walitupisha njia. Mimi walinishona nyuzi sita kwenye kiganja, mbili kwenye goti. Mkono wa Fremu waliupiga eksirei, tukaambiwa tusubiri daktari wa mifupa. Tulikaa kwenye benchi la mbao kwenye korido, kati yetu pakiwa na nafasi ya mtu mmoja. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani na macho amefumba. Hakuniuliza tena chochote. Alikuwa amepata jibu lake, na kwa makubaliano yetu sasa alitakiwa aondoke.

Nikamwangalia. Ule uso nilioupiga makofi mawili asubuhi ileile. Nilitaka kuomba msamaha na nikaona kila neno ni dogo. Ungesemaje? Nilikuhukumu kwa ujumbe ambao nisingeukatia hata kioo?

Nikatoa simu kwa mkono wangu usio na bandeji. Niliingia kwenye orodha ya niliowafungia, alikuwemo peke yake, nikamfungulia. Kisha nikaenda kwenye ule mlango mmoja niliouacha wazi, nikaufunga, maneno yasijitokeze tena kwa mtu. Kisha nikapiga.

Simu ililia mfukoni mwake. Alifumbua macho, akahangaika kuitoa kwa mkono wa kushoto, akaona jina, akageuka kunitazama mimi niliyekaa pale pale benchini, hatua moja kutoka kwake. Sikumtazama. Nilitazama ukuta mbele yangu, simu sikioni, nikangoja. Akapokea.

"Habari za saa hizi," nikasema, kwa ile sauti yangu ya wateja. "Napiga kutoka duka la vioo. Tulipokea ujumbe wako Alhamisi ile, saa nne na dakika kumi na mbili, tukaona umehaririwa. Kwetu ukihaririwa lazima tuthibitishe na mwenyewe. Naomba unisomee ulivyoandika mwanzo."

Nilimsikia akivuta pumzi mara mbili, simuni na pembeni yangu.

"Niliandika," akasema, "'Almasi, nipo stoo ya mbao. Nimekutengenezea kitu. Njoo, usichelewe.'"

Machozi yalinitoka nikayaacha yashuke, mkono mmoja una simu na mwingine una nyuzi.

"Nimechelewa," nikamwambia. "Siku kumi na moja."

Alisogea kwenye ile nafasi ya mtu mmoja mpaka bega lake likagusa langu, simu bado iko sikioni.

"Bado nipo," akasema.